Elimu ni ya Mtu, Idhini ni ya Mahali



Ndugu zetu wasomaji, wazee wetu, akina mama na vijana wetu, wiki hii nawaletea jambo nililorudi nalo kutoka bara, katika mji wa Londiani, Kaunti ya Kericho. Wengi katika sisi watu wa pwani hatuijui Londiani ila kwa kuipita tukielekea Kisumu. Ni mji wa reli, ile iliyofika ziwani mwaka 1901, nao umekaa juu milimani kati ya misitu. Ukiuacha na kuteremka upande wa Kericho ndipo yaanzapo mashamba ya chai yasiyo mwisho. Baridi yake si ya mchezo. Mimi niliyezoea kikoi na upepo wa bahari nilisali alfajiri nimevaa sweta mbili, na bado meno yaligongana.

Nilikwenda kumzuru binti wa marehemu dada yangu. Ameolewa huko, na mumewe ni mzaliwa wa mji huo, mjukuu wa mtu aliyefuata kazi ya reli akaoa na kukaa. Binti yetu ni muuguzi mwenye diploma, na huu ni mwaka wake wa saba katika hospitali ya umma. Baada ya salamu, chakula na sala ya isha, aliniletea faili la karatasi.

"Mjomba," akasema, "nataka uniombee dua, halafu hapa chini uniwekee sahihi. Wanataka shahidi mmoja katika jamaa."

"Dua nitaomba sasa hivi, mwanangu. Hiyo sahihi, ngoja kwanza nisome."

"Ni kurasa kumi na nane, mjomba."

"Usiku wa Londiani ni mrefu," nikamwambia. "Niletee taa na kikombe cha chai."

Ushahidi, ndugu zangu, si wino tu. Anayeweka jina lake chini ya maandiko asiyoyasoma amesema uongo kabla hajaulizwa. Basi nikasoma. Ulikuwa mkataba baina yake na wakala wa kupeleka wauguzi Marekani. Wakala atamlipia mtihani na maombi ya leseni katika jimbo la Texas. Yeye atafanya kazi miaka mitatu katika hospitali iliyoko jimbo la Minnesota. Asipoanza kazi katika miezi kumi na miwili tangu kutia sahihi, atalipa gharama zote na faini juu yake.

Nikamwuliza, "Leseni ni ya Texas, na kazi iko Minnesota. Hayo mawili yanakutanaje?"

"Wakala amesema leseni ya Texas yafungua majimbo zaidi ya arobaini."

"Na Minnesota imo katika hayo arobaini?"

Akanyamaza kidogo. "Sijui, mjomba. Alisema Marekani ni nchi moja."

Hapo nikakumbuka jambo la jioni ile ile. Nilipoingia msikitini Londiani kwa sala ya magharibi, nilikaa safu ya pili kama mgeni yeyote. Sikusogea mbele mpaka imamu wao aliponishika mkono akaniambia, "Sheikh, tusalishe." Nimesalisha watu miaka thelathini, na Fatiha niisomayo Mombasa ndiyo niisomayo Londiani. Hata hivyo mgeni hasalishi katika msikiti wa watu ila kwa idhini ya mwenye mahali, na kila aliyepita chuoni ameufundishwa adabu huo. Elimu ni ya mtu, huenda nayo aendako. Idhini ni ya mahali.

Mimi si mjuzi wa mambo ya uuguzi, wala sheria za Marekani sikuzisoma. Lakini asiyejua huuliza. Ninaye mwanafunzi wangu wa zamani wa chuoni ambaye leo ni muuguzi huko Marekani. Nilimpigia simu baada ya alfajiri, na kwake ilikuwa bado usiku wa jana. Tulizungumza asubuhi hiyo, na tena asubuhi mbili zilizofuata. Haya nitakayoyaeleza ni yale aliyonieleza, nami nikayapima kwa taratibu zilizotangazwa na bodi zenyewe. Nayaandika kwa sababu nyumba nyingi za pwani zina binti au kijana mwenye faili kama lile.

Tuanze na tulipo. Hapa Kenya muuguzi huandikishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Ijapokuwa huduma za afya ziligatuliwa kwa kaunti 47 mwaka 2013, daftari la wauguzi lilibaki moja. Muuguzi akihamishwa au akipata kazi upya, leo Londiani, kesho Lamu, atatafuta mwajiri mpya na nyumba ya kupanga, lakini hatatafuta leseni nyingine. Mazoea haya ndiyo yanayotudanganya. Twadhani kila nchi iko hivyo.

Uingereza iko karibu na hivyo. Wao wana daftari moja kwa nchi yao yote, na ndiyo maana makubaliano ya wauguzi baina ya Kenya na Uingereza, yaliyotiwa sahihi Julai 2021, hayakuhitaji kuuliza muuguzi ataangukia mji gani. Ghuba, ambako jamaa zetu wengi wamefanya kazi, kwatukaribisha zaidi na mfano wa Marekani. Katika Imarati, kwa miaka mingi Dubai imekuwa na mamlaka yake ya afya, Abu Dhabi yake, na imarati nyingine zikawa chini ya wizara ya shirikisho. Aliyepata leseni ya Dubai akaitwa kazini Abu Dhabi alijikuta na taratibu nyingine mbele yake, ijapokuwa ni mwendo wa gari wa saa moja u nusu.

Marekani ni jambo hilo hilo limekuzwa. Kila jimbo lina bodi yake ya uuguzi, na ni bodi hiyo, wala si serikali kuu, itoayo leseni. Bodi ya Texas haiamuru Minnesota, na ya Minnesota haiamuru Texas. Mwanafunzi wangu aliniambia neno nililoliandika pembeni mwa daftari langu: "Ustadh, hapa hawaulizi muuguzi yuko wapi. Wanauliza mgonjwa yuko wapi." Alimaanisha kwamba sheria hutazama mahali alipo mgonjwa anayehudumiwa. Hata muuguzi akikaa nyumbani kwake na kumwelekeza mgonjwa kwa simu, ikiwa mgonjwa huyo yuko jimbo jingine, yampasa awe na idhini ya jimbo hilo.

Kuna kitu kimoja ambacho ni cha wote, nacho ni mtihani uitwao NCLEX. Ni mmoja kwa majimbo yote. Mwombaji huanza kwa kuomba kwa bodi ya jimbo moja, na bodi ikiridhika naye humruhusu kuufanya. Hufanywa kwa kompyuta, maswali kati ya 85 na 150, muda usiozidi saa tano. Ada ya kujiandikisha ni dola 200, na anayeufanyia nje ya Marekani huongezewa dola 150 za kupanga nafasi. Akifaulu mara moja, hafanyi tena. Akitaka leseni ya jimbo la pili, huomba kwa njia ya kuthibitishwa: jimbo jipya hutazama leseni aliyo nayo, matokeo yake na mwenendo wake, likiridhika humpa yake. Haanzi upya, lakini hulipa tena, huchukuliwa alama za vidole tena, na husubiri tena. Majimbo mengine huongeza lao. Texas, mathalani, ina mtihani wake juu ya sheria zake za uuguzi.

Na hilo la majimbo arobaini je? Wakala hakulizua, bali alilisema nusu. Yako mapatano baina ya majimbo, yaliyoanza mwaka 2000 na kufanyiwa sura mpya iliyoanza kazi Januari 2018, ambayo kwayo muuguzi mwenye leseni moja ya aina maalumu huweza kufanya kazi katika majimbo yote yaliyomo. Yamo zaidi ya majimbo 40. Texas imo, Florida imo, Georgia imo, Maryland imo. California haimo, New York haimo, na Minnesota, ambako jamii kubwa ya watu wa Afrika Mashariki wanaishi na ambako ndiko kazi ya binti yetu ilipokuwa, haimo.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni kubwa kuliko hilo. Leseni ya majimbo mengi hupewa mtu ambaye makazi yake ya kisheria yako katika jimbo lililomo katika mapatano. Lazima athibitishe makazi kwa hati kama leseni ya udereva au karatasi za kodi za huko, na awe na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Sasa niambieni, makazi ya mtu anayelala Londiani na kuamkia zamu Londiani yako jimbo gani la Marekani? Leseni awezayo kupata akiwa hapa ni ya jimbo moja tu, lile aliloliomba. Ile ya majimbo mengi ataiomba akishafika, akishakaa, akishapata hati zake. Kwa hiyo mkataba ule ulimtaka atie sahihi juu ya mlango uliofungwa kwa kufuli mbili, na saa ya faini ikihesabu.

Nilipomwonyesha, binti yetu alishika kichwa. "Mjomba, nimeshalipa shilingi elfu kumi na tano za kujiandikisha."

"Elfu kumi na tano ni uchungu," nikamwambia. "Miaka mitatu ya deni ni uchungu zaidi."

Ndugu zangu, msinifahamu kwamba nawakataza vijana kusafiri. Wazee wetu waliabiri majahazi kufuata riziki, na sisi ni watoto wao. Wala simwiti kila wakala mwizi, wako walio waaminifu. Nasema tu kwamba safari ina mpangilio wake, na anayegeuza mpangilio hulipa. Haya ndiyo niliyomwandikia binti yetu katika karatasi.

Kwanza, chagua mahali kabla ya kuchagua leseni. Keti na mumeo, ulizeni: tutaishi wapi? Nani wetu yuko huko? Watoto watasoma wapi, na msikiti uko karibu? Mkishajua jimbo, ombeni leseni ya jimbo hilo hilo. Kuomba jimbo lililo jepesi kisha kuhamia jingine kuna wakati wake, na wako waliofanya hivyo kwa hesabu nzuri, lakini ni maombi mawili, ada mbili na kusubiri mara mbili. Yaingizwe katika mkataba mapema, na iandikwe nani atalipa ya pili.

Pili, uliza jimbo lenyewe, usiulize mtu. Kila bodi ina tovuti yake iliyo wazi. Majimbo mengine hutaka namba ya hifadhi ya jamii kabla ya kutoa leseni, mengine hukubali mwombaji asiye nayo. Mengine ni makali katika kulinganisha masomo ya nadharia na mazoezi ya wodini, hasa katika uzazi, watoto, upasuaji na maradhi ya akili. Muuguzi wa jirani yako aliyekwenda mwaka jana atakueleza ya jimbo lake, na huenda yako ikawa nyingine.

Tatu, usichanganye idhini ya kufanya kazi na idhini ya kuingia nchi. Binti yetu alidhani ni karatasi moja. Bodi ya jimbo hutaka masomo yako yatathminiwe, na aghalabu kazi hiyo hufanywa na shirika la CGFNS, ambalo siku hizi limejipa jina la TruMerit. Uhamiaji nao hutaka cheti chake kiitwacho VisaScreen, kwa sheria ya mwaka 1996, na ndani yake mna mtihani wa lugha ya Kiingereza ambao aliyesomea uuguzi Kenya hasamehewi. Mwenye leseni asiye na cheti hiki hapati visa ya muuguzi mhamiaji, na mwenye cheti asiye na leseni hagusi mgonjwa.

Nne, tengeneza jina lako. Hili latuhusu sisi zaidi ya wengine. Katika cheti cha kuzaliwa ni Fatma, katika cheti cha shule ni Fatuma, katika kitambulisho limeongezwa la babu, katika pasipoti limeondolewa, na baada ya ndoa likaongezwa la mume. Hapa kwetu twacheka, karani akasema "ni yule yule." Huko kila jina ni mtu mwingine mpaka ithibitishwe. Binti yetu mwenyewe ana herufi moja ya ziada katika cheti cha kidato cha nne. Sahihisha kwa hati ya kisheria ukiwa bado uko karibu na ofisi zetu, kabla faili halijafunguliwa ng'ambo.

Tano, karatasi zisipite mkononi mwako. Chuo ulichosoma na Baraza la Wauguzi hutakiwa kupeleka uthibitisho moja kwa moja kwa watathmini. Kazi yako ni kuomba, kulipa, na kufuatilia kwa adabu na subira. Na usiache leseni yako ya Kenya ikafa ukiwa katikati ya maombi, kwa kuwa hiyo ndiyo mizizi ya zote zitakazofuata.

Sita, ukishafika, weka daftari. Kila leseni ina tarehe yake ya kwisha na masharti yake ya masomo ya kujiendeleza. Wako wauguzi wafanyao mikataba mifupi ya wiki 13, leo jimbo hili, kesho lile, nao hujaza leseni nne au tano kama funguo katika pete moja. Ufunguo mmoja ukipata kutu bila mwenyewe kujua, siku ataingiza mkono mfukoni mlangoni pa kazi na kuaibika. Na kwa walio katika yale mapatano, tangu Januari 2, 2024 anayehamisha makazi yake kwenda jimbo jingine lililomo ana siku 60 za kuomba leseni ya jimbo hilo jipya.

Hayo ni ya karatasi. Yako ya moyo, nayo ndiyo yaliyonifanya niketi kuandika.

Usiku wa pili, binti yetu alinong'ona jambo. Masomo yake ya wagonjwa wa akili yalikuwa na saa chache za mazoezi kuliko zinazotakiwa. Wakala alimwambia kwamba yuko mtu awezaye "kuzinyoosha" katika nakala ya matokeo. Akaniuliza, "Mjomba, kazi hiyo nimeifanya miaka saba. Nikiongezewa saa ishirini katika karatasi, nimemdhulumu nani?"

Nilimweleza yaliyotokea Florida. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika kesi ya stashahada za uuguzi za kununuliwa. Zilikuwa zaidi ya 7,600, kutoka shule tatu za jimbo hilo. Walionunua walitawanyika katika majimbo mengi, wengine walifaulu hata ule mtihani, wakavaa sare wakaingia wodini. Tazama jinsi bodi zinavyosomana: karatasi iliyoghushiwa jimbo moja ilifuatiliwa mpaka majimbo ya mbali, na leseni zikaanza kufutwa moja baada ya nyingine. Kila jimbo utakaloomba litakuuliza: umewahi kuomba kwingine? Umewahi kukataliwa? Umewahi kuadhibiwa? Mkweli hujibu mara moja, na jawabu hilo hilo hulirudia maisha yake yote bila kulikumbuka kwa taabu. Mwongo yampasa akumbuke alichosema Texas kila anapojaza fomu ya Ohio.

Akasema, na sauti yake imebadilika, "Lakini mjomba, usiku ule wa ajali, hakuna aliyeniuliza leseni."

Nilijua ni usiku gani. Ni Juni 30, 2023, siku chache baada ya Idi kubwa, lori lilipoacha njia katika makutano ya Londiani na kuwapitia wachuuzi na abiria kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Binti yetu alikuwa nyumbani, akaitwa, akaenda kwa miguu akiwa na kanga, na hakurudi mpaka adhuhuri ya pili yake. Hakuwahi kunieleza habari ile kwa ukamilifu, wala sikumhimiza.

Nilikaa kimya kitambo. Kisha nikamwambia, "Mwanangu, majeruhi wale hawakukuuliza kwa sababu yuko aliyekuuliza kabla yao. Wewe ulikutwa darasani, wodini, mtihanini, ukaulizwa kwa niaba yao miaka mingi kabla hawajaumia. Aliyelala chini akivuja damu hawezi kusoma cheti. Ndiyo maana cheti chako hakina ruhusa ya kusema uongo. Hizo saa ishirini, ukizihitaji, zitafute wodini."

Akalia, nami nikamwacha alie. Mumewe, ambaye muda wote alikuwa akichochea makaa ya jiko, akasema tu, "Tutazitafuta."

Nilimkumbusha pia habari ya Bibi Rufaida, aliyetibu majeruhi katika hema pale msikitini Madina. Kazi yake ina ukoo mrefu na wa heshima, na aendapo nayo, awe Minnesota au Mombasa, aibebe kama alivyoipokea.

Mtapenda kujua mwisho wake. Aliandika maswali manne kwa wakala: kwa nini Texas, nani atalipa leseni ya pili, saa ya faini yaanza lini, na jimbo likikataa nani abebe hasara. Jawabu lilikuja baada ya siku tisa, mstari mmoja, kwamba mkataba haubadilishwi. Hakutia sahihi, nami sikutia. Zile elfu kumi na tano zimekwenda, na sitawadanganya kwamba zilirudi. Hivi sasa amepata nafasi ya mazoezi ya wagonjwa wa akili katika hospitali kubwa, anakwenda siku zake za mapumziko. Herufi ya ziada katika cheti iko mbioni kusahihishwa. Yeye na mumewe bado hawajakubaliana juu ya jimbo: mume anapenda kwenye binamu zake, mke anapenda pasipo na theluji. Mimi, niliyetetemeka kwa baridi ya Londiani, niko upande wa mke.

Huenda atasafiri mwakani, huenda asisafiri. Akienda, mkataba wake nitausoma tena, hata uwe kurasa mia, na safari hiyo inshallah jina langu nitaliandika chini kwa moyo mweupe.

Nanyi mlio na faili kama hilo kabatini, lifungueni leo baada ya sala, mlisome pamoja na wenenu. Na wazee mnaoletewa karatasi ya kuweka sahihi na kuomba dua, ombeni dua kwa wingi, ila sahihi ichelewesheni mpaka mmesoma.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wauguzi wetu walioko zamu usiku huu, wa hapa na wa ng'ambo, na awape wagonjwa wetu shifaa. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.